Jinsi ya Kupima Hoja za Kodi, Ushuru na Soko kwa Dumu Moja la Mawese

Kila mwaka ifikapo katikati ya Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma kusoma hotuba ya bajeti, redio katika vibanda vya Mwanga na Ujiji, hapa mjini Kigoma, huongezwa sauti, na kabla hotuba haijafika nusu watu wameshagawanyika: huyu anasema mafuta ya kula yatashuka bei, yule anasema mkulima wa michikichi ametupwa, na wa tatu, ambaye ndiye husikika zaidi, anasema yote hayo ni siasa tupu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuyasikiliza mabishano hayo na kuyapima mwenyewe, kisha akipenda atoe maoni yake mahali yanapoweza kufanyiwa kazi. Hauhitaji shahada ya uchumi. Unahitaji daftari, kalamu, hesabu za asilimia za shule ya msingi, na subira ya kuuliza swali moja tena na tena: fedha hii, mwisho wa safari yake, inatoka mfukoni mwa nani?

Shika bidhaa moja

Anayejadili uchumi kwa ujumla hana pa kushika, na asiye na pa kushika huishia kushangilia upande. Chagua bidhaa moja unayoijua tangu shambani hadi jikoni. Mtu wa Tabora anaweza kuchukua tumbaku au asali. Sisi wa Kigoma tuna mawese, na ndiyo nitakayotumia hapa.

Katika ukurasa mmoja wa daftari, andika safari ya dumu moja la lita 20. Chikichi zinakatwa shambani, zinapukuchuliwa, zinachemshwa, zinakamuliwa, mafuta yanajazwa dumuni na kokwa zinabaki zikauke kwa ajili ya mise, yaani kiini kilichomo ndani yake. Mchuuzi anakuja na pikipiki. Dumu linapita kwenye geti la ushuru, linafika mjini, na kutoka hapo ama linapakiwa kwenye boti pale Kibirizi kuelekea ng'ambo ya ziwa, ama linapanda treni au lori kwenda mashariki, ama linaishia kwa mtengeneza sabuni. Katika kila kituo andika mambo matatu: bei ya dumu hapo, kilichokwenda serikalini, na kilichokwenda kwa wengine, yaani mbebaji, mwenye chombo na dalali. Usibuni tarakimu. Uliza watu wawili au watatu katika kila kituo na uandike tarehe. Ukimaliza utakuwa na kitu ambacho wengi wa wanaobishana redioni hawana, na huenda ukagundua kwamba kinachokula faida zaidi katika safari ile sio kodi hata kidogo, bali barabara.

Jua ni tozo ipi inayozungumzwa

Katika mazungumzo ya kawaida kila kinacholipwa huitwa kodi, na hapo ndipo hoja nyingi huanza kupotea, kwa sababu kila tozo ina mwamuzi wake na njia yake ya kubadilishwa.

Ushuru wa forodha, unaotozwa bidhaa inapoingia kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hauamuliwi na Dodoma peke yake. Tangu Umoja wa Forodha uanze kufanya kazi mwaka 2005, nchi wanachama hutumia viwango vya pamoja, na tangu Julai 2022 viwango hivyo viko katika ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Nchi ikitaka kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani huomba ruhusa ya muda, kwa kawaida ya mwaka mmoja, na mawaziri wa nchi wanachama huikubali. Ndiyo maana kila bajeti huwa na orodha ndefu ya bidhaa ambazo ushuru wake unapandishwa au kushushwa kwa mwaka mmoja tu. Anayekuambia kwamba ushuru fulani umewekwa milele huenda hajaisoma orodha hiyo.

Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, ni mali ya Bunge, kama zilivyo kodi nyingine za taifa. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kutozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, lakini kikomo chake kimo katika sheria ya nchi: mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaamuliwa kwamba anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Halafu kuna ada na tozo nyinginezo, ambazo ni nyingi mno kuorodheshwa hapa. Moja tu itoshe kuonyesha jinsi mjadala unavyoweza kurudi nyuma: tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, ikiwa na kiwango cha juu cha shilingi 10,000 kwa muamala, ilishushwa mwaka huohuo hadi 7,000 na mwaka uliofuata hadi 4,000, baada ya wananchi kulalamika na wengi wao kurudia kubeba fedha taslimu.

Kutojua mwenye tozo kunaaibisha. Mimi niliwahi kusimama kwenye mkutano wa kata na kumweleza diwani, kwa dakika kumi nzima na kwa sauti, jinsi ushuru wa mafuta yanayotoka nje unavyotuathiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Ndugu yangu, mimi nina geti tu, hayo ya bandarini yana wenyewe." Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Hoja ya geti, ambayo angeweza kuifanyia kazi, sikuwa nimeiandaa.

Kwa njia, ugomvi wa geti si mgeni katika ukanda huu. Misafara iliyokuwa ikitoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa kila nchi iliyopitiwa, na wakati ule neno hongo lilimaanisha ushuru wa njia, si rushwa. Vita vya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilihusu kwa sehemu kubwa nani aitawale njia hiyo na nani alipwe. Jinsi neno la ushuru lilivyogeuka kuwa neno la rushwa, msomaji anaweza kujaza mwenyewe.

Piga hesabu kabla ya kuamini asilimia

Chukua mafuta ya kula yaliyosafishwa kutoka nje ambayo thamani yake, pamoja na bima na usafiri hadi bandari ya Dar es Salaam, ni shilingi 100,000. Tarakimu hii ni ya mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Ushuru wa forodha ukiwa asilimia 35, unaongeza 35,000. VAT haikokotolewi kwa 100,000 bali kwa 135,000, kwa kuwa kodi hiyo hupanda juu ya ushuru. Asilimia 18 ya 135,000 ni 24,300. Jumla ni 159,300, tukiziacha ada ndogo ndogo za bandarini.

Sasa tuseme mbunge anapendekeza ushuru ushushwe hadi asilimia 25 ili mwananchi apate nafuu ya asilimia 10. Rudia hesabu: ushuru ni 25,000, VAT ni 22,500, jumla ni 147,500. Nafuu ni shilingi 11,800, ambayo ni kama asilimia 7.4 ya bei ya mwanzo, na hiyo ni bandarini, kabla mwenye ghala, mwenye lori na mwenye duka hawajaweka chao. Hata hiyo 7.4 itamfikia mama wa Gungu ikiwa tu wenye mafuta wanashindana kwa bei. Wakiwa wachache, punguzo hukaa ghalani. Kwa hiyo unaposikia kwamba ushuru umeshuka kwa kiasi fulani, usiandike kwamba bei imeshuka kwa kiasi hicho. Andika kwamba Serikali imeacha kiasi hicho, kisha utafute aliyekiokota.

Sikiliza anayesema amesimama wapi

Hapa ndipo penye utamu wa jambo, na ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwa miaka ya karibu na 2020 Serikali ilikuwa ikitaja mahitaji ya mafuta ya kula nchini kuwa yapata tani 570,000 kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani takriban tani 205,000. Pengo hilo la zaidi ya tani 360,000 ndilo linalozaa mabishano yote, kwa sababu linajazwa kwa kununua nje, hasa mafuta ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia, nchi mbili ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote ya dunia.

Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35. Angalia vizuri viwango hivyo viwili. Mkulima wa michikichi wa Kigoma na mkulima wa alizeti wa Singida wanataka vyote viwili viwe juu, kwa kuwa mafuta ya nje, ghafi au safi, ni mshindani wao. Mwenye kiwanda cha kusafishia mafuta Dar es Salaam anataka kitu kingine kabisa: ghafi iingie kwa ushuru mdogo, safi iingie kwa ushuru mkubwa, na ile tofauti katikati iwe ukumbi wake wa kufanyia kazi. Mama ntilie anataka vyote viwili viwe chini. Hazina inatazama mapato, na mapato hayo yanatokana na mafuta yanayoendelea kuingia. Siku nchi itakapojitosheleza, mfereji huo utakauka.

Watu hawa wote wanne watazungumza kwa maneno yaleyale: uzalendo, ajira, kumlinda mnyonge, viwanda vya ndani. Usiyapime maneno. Uliza tu: kiwango anachokipendekeza kwa ghafi ni kipi, na kwa safi ni kipi? Ukipata tarakimu hizo mbili umeshajua anazungumza kwa niaba ya nani, hata kama mwenyewe hakusema. Mimi sioni dhambi kwa mwenye kiwanda kutetea kiwanda chake. Ninachokikataa ni hoja yake kuvishwa kofia ya mkulima.

Upande wetu nao tuna udhaifu wetu. Hakuna kikao cha mawese mkoani hapa ambacho hatasimama mzee akasema kwamba Wamalaysia walichukua mbegu Kigoma, wakatajirika, na sisi tukabaki tunatazama. Kumbukumbu za kilimo zinasema vingine: michikichi iliyozaa mashamba ya Asia ya Kusini Mashariki ilitokana na miche minne iliyopandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la kibiashara la Malaysia lilianza mwaka 1917. Hadithi ya mbegu inapendeza, lakini inatuondoa kwenye swali lenye faida, nalo ni kwa nini mti wa wenzetu unatoa mafuta mengi kuliko wetu. Kituo cha utafiti wa michikichi cha Kihinga, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), kinazalisha mbegu bora aina ya tenera, chotara yenye mafuta mengi, na swali la nani anazipata, kwa bei gani na baada ya muda gani lina uzito kuliko kiwango chochote cha forodha.

Mfuate mlipaji hadi mwisho

Sheria inasema ushuru wa mazao unalipwa na mnunuzi, kwa kuzingatia bei ya shambani. Maneno hayo ni mazuri, na hoja nyingi za wanasiasa huishia hapo: mkulima hatozwi, anatozwa mnunuzi. Sasa nenda shambani. Mchuuzi alikuwa tayari kutoa 60,000 kwa dumu, ushuru wa asilimia 3 ni 1,800, anamwambia mwenye mafuta, "Mama, nitakupa 58,200, geti linanisubiri." Kama yule mama ana ada ya shule ya kulipa Jumatatu, njia ni mbovu na hakuna mchuuzi mwingine aliyefika wiki hiyo, atapokea, na ushuru wa mnunuzi utakuwa umelipwa na muuzaji. Lakini kama siku hiyo wamefika wachuuzi watano, wawili kati yao wakinunulia soko la Burundi na mmoja la Kongo, mama atatikisa kichwa na mchuuzi atabeba ushuru wake mwenyewe.

Basi jibu la nani analipa haliko kwenye sheria peke yake. Liko kwenye idadi ya wanunuzi na ubora wa barabara. Kila unaposikia kodi mpya imewekwa kwa wenye maghala, wenye vyombo au wenye mitandao, uliza kati ya wanaouziana ni nani mwenye nafasi ya kuondoka bila kuuziana. Huyo hatalipa.

Umbali nao ni ushuru usioandikwa popote. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na gharama ya umbali huo inayazuia mafuta ya bandarini kuja kwetu sawasawa na inavyoyazuia mawese yetu kwenda Dar es Salaam. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na wengi wanaushangilia kwa sababu ya mzigo utakaotoka. Jiandae pia kwa mzigo utakaoingia.

Mpaka unapofungwa

Mahindi yakipanda bei, sauti za kufunga mpaka hupanda nayo. Katikati ya mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi ili chakula kisipungue ndani. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Aprili 2022 Indonesia ilizuia mawese yake kuuzwa nje kwa takriban wiki nne, katika mwaka ambao mafuta ya alizeti yalikuwa tayari haba duniani kwa sababu ya vita vya Ukraine. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, zuio lililoondolewa baada ya siku chache. Katika kila tukio kuna mtu wa mjini anayepata nafuu leo na mkulima anayepata hasara leo, na swali ambalo halikawii kusahauliwa ni atakacholima mkulima huyo msimu ujao. Aliyefungiwa mpaka mara mbili hupunguza heka.

Kwa mkoa unaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo, jambo hili si la nadharia. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2022, na mfanyabiashara mdogo anayevuka mpaka wa Burundi pale Manyovu na bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kutumia utaratibu rahisi wa cheti cha uasili bila kulipa ushuru wa forodha. Wengi hawaijui haki hiyo, hupita njia za panya na kulipa zaidi huko porini kuliko ambavyo wangelipa mezani. Katika mjadala wa biashara ya mpakani, anza kwa kuuliza ni wangapi katika chumba wanakijua cheti hicho.

Linganisha vinavyolingana

Bei ya dumu la Machi haipingi bei ya dumu la Oktoba, kwa sababu mavuno hayalingani. Linganisha mwezi na mwezi huohuo wa mwaka uliopita. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, halilinganishwi na gunia la kilo 100. Kuhusu sarafu, wasikilize wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua: bei yao hupangwa kwa dola kwa kila daraja la jani, lakini chumvi na sabuni hununuliwa kwa shilingi. Shilingi ikidhoofika, chama cha msingi kinaweza kutangaza bei ileile ya dola na mkulima akapata shilingi nyingi zaidi, huku mbolea aliyokopeshwa, iliyotoka nje, ikipanda kwa sababu hiyohiyo. Anayekuonyesha nusu moja tu ya hesabu hiyo ana jambo anataka ulikubali haraka.

Daftari lenyewe lina faida nyingine. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka alidaiwa 100,000 kama hakuwa na kumbukumbu, na asilimia 3 tu ya kiasi kinachozidi milioni 4, yaani 30,000, kama alikuwa nazo.

Peleka hoja kwa wakati na kwa mwenyewe

Kwenda kwa mbunge baada ya Julai Mosi ni kuchelewa, kwa kuwa mwaka wa fedha umeshaanza na Sheria ya Fedha imeshapitishwa. Mapendekezo ya kodi za taifa na ya forodha yapelekwe miezi kadhaa kabla ya hotuba, kupitia chama cha wafanyabiashara, ushirika au mbunge. Mwezi Juni wenyewe Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu muswada wa fedha, na maoni ya maandishi yanaweza kutumwa kutoka Kakonko sawa na kutoka Kinondoni. Sheria ndogo za ushuru hupitia Baraza la Madiwani, na hapo ndipo geti linapohojiwa.

Andika ukurasa mmoja, usizidishe. Sentensi ya kwanza itaje tozo kwa jina, kiwango chake na mwenye mamlaka nayo. Inayofuata iseme unataka kiwe nini. Kisha weka ile safari ya dumu, na tarehe na bei ulizozikusanya, halafu ueleze nani atapata hasara pendekezo lako likikubaliwa, maana yupo, na ni heri umtaje wewe kabla hajatajwa na wengine. Ukiwa unaomba mapato ya halmashauri yapunguzwe, sema pia zahanati na barabara zitapata wapi. Diwani atakuuliza hilo kabla hujaketi.

Ukishatuma, fungua ukurasa mpya. Wiki ya kwanza ya Julai rudi kwa mchuuzi yuleyule, kwenye geti lilelile, na kwa muuzaji yuleyule wa Kibirizi, uulize bei ya dumu la lita 20, na uiandike pembeni mwa ile ya mwaka jana.